Jalia na Taa za Dakika Moja

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kasese, mlioko Bwera, na nyinyi mnaotusikia kutoka ng'ambo ya mpaka, punguzeni kelele kidogo. Leo tunamkumbuka Jalia. Jalia mfagiaji, mke wa Musitafa wa Bwera. Alikufa Jumatano moja, mchana, kwenye ngazi za jengo jipya la ghorofa nne mjini Kasese. Narudia: alikufa mchana. Na kilichomuua ni giza.

Mtauliza, giza gani la mchana? Musitafa aliuliza hivyo hivyo. Mpaka leo wakubwa hawajamjibu.

Jalia alizaliwa Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi. Alipopata umri akaenda Bwera, akawa anauza chumvi ya kupima kwa kikombe karibu na mpaka. Huko ndiko Musitafa alimkuta. Wakati ule Musitafa hakuwa na lori. Alikuwa na baiskeli, na siku hiyo alikuwa ameipakia ndizi hadi ikawa inamburuta mteremkoni. Jalia akapaza sauti mbele ya soko zima: "Weye! Unapeleka baiskeli ama baiskeli ndiyo iko inakupeleka?"

Watu wakacheka. Musitafa alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akarudi kununua chumvi, na nyumbani kwake chumvi ilikuwa imejaa.

Wakaishi pamoja miaka ishirini na miwili. Watoto wanne. Musitafa akapata lori la Fuso, akawa anabeba vitunguu na maharage. Jalia akapata kazi ya kufagia kwenye lile jengo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Jengo lile lina taa za kompyuta. Ukutani hakuna swichi, hata moja. Kila taa ina namba yake, na amri inatoka kwenye simu ya meneja, bwana Apollo. Juu darini kuna kijicho cheupe, mafundi wanakiita sensa. Kikiona mtu anatembea, taa inawaka. Kisipoona kitu kikitembea, mwanga unapungua, unapungua, unakwisha. Ghorofa za juu kuna madirisha. Lakini ngazi za kwenda chini, kwenye stoo ya mifagio, hazina dirisha. Kule mchana na usiku ni kitu kimoja.

Ngazi zile zinapinda katikati, na pale zinapopinda pana sakafu pana kidogo, kavu, safi. Stoo ilikuwa na maji na harufu ya dawa ya choo. Basi Jalia alitandika mswala wake pale, kila adhuhuri. Na alikuwa na mazoea yake: akimaliza kuswali hainuki. Anakaa kitako, macho chini, anawaombea watoto mmoja mmoja kwa jina, kisha mumewe aliyeko barabarani. Hatikisiki. Kile kijicho kinatazama, kinasema hapa hapana mtu.

"Ile taa imenifanya maiti," alimwambia Musitafa nyumbani. "Niko naomba, yenyewe inasema hakuna mutu."

Musitafa alicheka. Leo akikumbuka kwamba alicheka, anageuza uso ukutani.

Jalia akaenda kwa meneja. Fundi wa umeme, kijana wa hapa hapa anayeitwa Baluku, alikuwepo ofisini, na ndiye aliyetusimulia.

"Bwana meneja," Jalia alisema, "taa ya ngazi inanizimikia."

"Mama, ile ni mitambo ya kisasa. Ukiswali, tikisa mkono kidogo."

"Kwa swala? Wewe kanisani unaomba ukicheza ngoma?"

Baluku akaficha kicheko, kisha akasema kwa adabu: "Bosi, ile tumeweka dakika moja. Inakubali dakika ishirini. Ni kubonyeza tu kwa simu yako. Na ile ya kuwaka pole pole tuitoe. Sekunde saba ni mingi kwa ngazi."

Maana taa zile, wasikilizaji, haziwaki mara moja. Mwanga unapanda taratibu, sekunde saba, mpaka ukamilike. Wageni kutoka Kampala waliupenda. Walisema ni kama hoteli kubwa.

"Wenye jengo wametaka hivyo," Apollo akajibu. "Haiguswi."

Jalia alikwenda mara tatu. Mara tatu, haiguswi.

Jumatano ile alimaliza dua zake gizani. Akasimama, akakunja mswala. Kijicho kikamwona, mwanga ukaanza kupanda, taratibu, kama wageni walivyopenda. Yeye ndoo yake ilikuwa stoo na kazi ilikuwa inamngoja. Akatia mguu mahali asipopaona. Ngazi kumi na mbili za zege. Baluku alisikia kishindo, akakimbia. Alipofika, taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa, na Jalia alikuwa chini, hapumui.

Taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Hilo ndilo wakubwa walilolishika.

Afande alikuja na daftari. Musitafa akafika kutoka Bwera, vumbi la barabara likiwa bado usoni. "Afande, hii taa inawaka kwa sababu sisi tunatembea," alisema. "Ngoja tukae tuli, utaona."

"Mzee, rudi nyuma! Mimi naandika yenye naona."

Akaandika aliyoyaona. Wenye jengo nao wakaandika yao, na wiki iliyofuata wakamwita Musitafa aweke kidole gumba. Musitafa aliishia darasa la tatu. Akamwomba Baluku amsomee. Karatasi ilisema: taa zilikuwa zinawaka, marehemu alikanyaga gauni lake refu kwa uzembe wake mwenyewe.

Uzembe. Mwanamke aliyefagia ghorofa nne kila siku na lile gauni! Mwanamke aliyepanda na kushuka zile ngazi akiwa na ndoo kichwani! Musitafa alirudisha karatasi mezani. "Kidole changu hakitakaa juu ya hilo neno," alisema. Hakutaka kitu kingine. Alitaka neno lile lifutwe, ili watoto wake wasilikute siku moja kwenye faili.

Baada ya arobaini alirudi, na mswala kwapani. Akamwomba Apollo washuke pamoja mpaka pale ngazi zinapopinda. Apollo akashuka, labda kwa aibu, maana Baluku na wapangaji walikuwa wanatazama. Musitafa akatandika mswala, akakaa. "Kaa na wewe. Usitikisike."

Wakakaa. Dakika moja. Mwanga ukapungua, ukapungua, ukakwisha. Giza tupu, saa saba mchana.

"Sasa simama, ushuke," Musitafa akasema.

Apollo alisimama. Mwanga ukaanza kupanda, hafifu. Hakuinua mguu. Mkono wake ulikuwa umeshika ukuta.

"Shuka, bwana."

"Nangoja taa iwake, mzee."

"Basi andika hivyo," Musitafa akasema. "Andika kwamba hata meneja anaogopa."

Apollo alipanda juu. Alisema atawauliza wenye jengo, Kampala. Huu ni mwezi wa tatu anauliza. Taa ya ngazi bado ni dakika moja. Neno bado liko kwenye karatasi, na kidole cha Musitafa hakipo.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya sote hapa studioni, tunampa pole Musitafa, tunawapa pole watoto wanne, na ndugu wa Jalia kule Kabatoro. Mungu amlaze mahali pema.

Na nyinyi mlioshika majengo, shule, hospitali, na simu za kuamrisha taa za watu: leo shukeni wenyewe mpaka mahali anapofanyia kazi mfagiaji wenu. Kaeni tuli dakika mbili. Kisha jiulizeni kama mngetembea kwenye giza hilo.

Bwana Apollo, redio yetu inashika mpaka ofisini kwako. Baluku anasema inafunguliwa kila asubuhi. Ulisimama pale, ulishika ukuta, ukangoja. Mwenzako hakungoja kwa sababu alikuwa na kazi yako ya kufanya. Neno ni moja tu. Lifute.