Willis Owiti, Mchoraji wa Milango ya Kaloleni

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Rispa, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake kabla mwili haujaanza safari ya Siaya jioni hii.

Ndugu yetu Willis Owiti Oketch alizaliwa tarehe 14 Juni 1989 hapa hapa Kaloleni, mwana wa kwanza wa kiume wa marehemu Mzee Phares Oketch, fundi wa reli, na Mama Peres Adongo, ambaye mnamwona pale mbele na ambaye tangu juzi hajatia kitu mdomoni.

Alimaliza darasa la nane mwaka 2003, akasoma sekondari kule Siaya hadi 2007, ambako alichapwa sana kwa kuchorachora kwenye vitabu vya hesabu, kisha akapata diploma ya kompyuta mwaka 2011.

Alichora picha kwenye matatu, haya magari ya abiria, katika gereji moja ya Kariobangi hadi Machi 2016, alipoacha ili atengeneze mchezo wake mwenyewe wa video, bila kampuni wala mwajiri, na watu wakasema amekaa bure, ilhali mimi sijaona mtu aliyefanya kazi kama yule. Mchezo wenyewe, Hodi Kaloleni, ni wa msichana aliyetumwa kupeleka sufuria ya chakula, anabisha mlango baada ya mlango akitafuta nyumba aliyoelekezwa, na kila mlango Willis aliuchora akiangalia milango yenu ninyi mlioketi hapa, na kutu yake, na kufuli lake, hata chaki ya watoto.

Mwaka 2018 alianza maisha na Eve Muturi, na tarehe 2 Februari 2020 wakajaliwa binti, Clare, lakini Eve hakuwahi kupelekwa nyumbani rasmi, kwa kuwa kwetu mwanamume hujenga kwanza nyumba yake katika boma la baba, na kila nilipomkumbusha alinijibu, "Sista, tulia, game ikitoka najenga."

Haikutoka. Mwaka 2023 figo zilianza kufeli, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki huku akichora kwa mkono usio na sindano, na asubuhi ya tarehe 9 Machi 2025, ikiwa imebaki milango michache tu, alituacha akiwa na miaka 35.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliokesha nasi, mafundi wa gereji, na vijana wenzake wa michezo ya video.

Sasa naiweka karatasi chini, wazee mnisamehe. Mtu mzima wa kwetu hazikwi bila nyumba, kwa hiyo tangu jana vijana wako kwetu Alego, huko Siaya, wanamsimamishia Willis kibanda cha mabati ya kuazima, alale humo usiku mmoja tu, na Jumatatu mabati yarudi kwa wenyewe. Baba zangu wadogo, nawapigia magoti mbele ya watu wote hawa, msiyang'oe, kwani Eve ataomboleza akikaa wapi, na Clare akiuliza kwao ni wapi tumwonyeshe nini? Mwachieni hicho kibanda. Owiti ndugu yangu, pumzika wewe kwa amani, sisi uliotuacha hatuna.