Nafasi Mbili Baada ya Nukta: Maisha ya Vestina Stanislaus Buhoma, 1966–2025

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wa marehemu, Josephina, anayeuza maharage soko la Kasulu, naye ndiye anayeusoma.  Shemeji yake, Mzee Isack Nkunzimana, mume wa marehemu, anautafsiri kwa Kiha sentensi baada ya sentensi, kwa sababu wazee wetu wengi wa Murungu waliokaa hapa Kiswahili wanakisikia lakini hakiwaingii sawasawa.  Walioshika karatasi wataona kwamba baada ya kila nukta pameachwa nafasi mbili, si moja.  Hilo si kosa la uchapaji.  Nurudini wa steshenari ya pale stendi Kibondo aliziondoa zote jana asubuhi, akasema kompyuta za siku hizi hazina haja nazo, na Josephina akasimama nyuma ya kiti chake mpaka zikarudi, kopi zote mia na ishirini.  Sababu mtaisikia.  Wapo ndugu walioshauri jambo hili lisisemwe makaburini, na familia imewashukuru kwa ushauri wao.

Vestina alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapahapa Murungu, Kibondo, mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mzee Stanislaus Buhoma na Bibi Esteri, ambaye mnamwona amekaa mbele na bahasha ya kaki mapajani.  Alikuwa mtoto wa taratibu.  Wakitumwa maji, wenzake walirudi mbio na nusu ndoo, yeye alifika wa mwisho na ndoo imejaa.  Wakimcheka, Bibi Esteri alikuwa anasema, "Mwacheni huyo, yeye hamwagi."

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha sekondari Kasulu hadi 1985.  Januari 1986 alipanda treni kwenda Tabora kusomea uhazili.  Huko mwalimu wao aliwafundisha kupiga chapa kwa kugonga rula mezani: neno, neno, nukta, nafasi, nafasi.  Aliporudi likizo, watu wanakula, vidole vyake vinagonga ukingo wa meza, na mwisho wa kila sentensi ya hewani kidole gumba kinashuka mara mbili.  Barua yake ya kwanza ya chapa aliituma kwa baba, ambaye hakujua kusoma.  Katekista alimsomea, na mzee akasema, "Huyu anaandika kama anavyochota maji."  Barua hiyo alikaa nayo mpaka anafariki.

Tarehe 1 Septemba 1987 aliajiriwa kuwa taipisti katika ofisi moja ya umma hapa Kibondo, na mwaka 1994 akahamishiwa tawi la ofisi hiyohiyo Kasulu.  Familia imekubaliana kutoitaja ofisi hiyo jina, kwa heshima ya marehemu, si kwa heshima ya ofisi.  Alipiga stensili, alipiga kaboni, alipiga barua za watu waliokuja kulia mlangoni hawajui waanzie wapi.  Lakini kazi iliyompa jina ilikuwa ni matangazo ya vijijini na ya kambini.  Matangazo hayo hayakuwa ya kubandikwa ukutani tu, yalisomwa kwa sauti mkutanoni, mmoja anasoma Kiswahili na mwingine anatafsiri.  Tena yalifika huko yakiwa kopi ya kopi, wino umechoka, na kitu cha kwanza kupotea kwenye karatasi ya namna hiyo ni nukta.  Nafasi mbili hazipotei.  Nukta ikifutika, msomaji bado anaona pengo, anasimama, mkalimani anamaliza sentensi yake, wanaendelea.  Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu ya dada yetu, na haikuwa elimu ndogo.

Ndoa yake ilitokana na nafasi hizo.  Mwaka 1995 Isack alikuwa mkalimani katika kambi ya Mtabila.  Yeye mwenyewe aliingia nchi hii mwaka 1972 akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia vijijini huku, kwa hiyo Kirundi, Kiha na Kiswahili vyote vilikuwa vyake.  Siku moja limekuja tangazo la chanjo, karani Abbasi anasoma kwenye kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi Isack hakuhitaji kumvuta shati kumwambia "buhoro, buhoro", yaani polepole.  Abbasi alisimama mwenyewe kila panapotakiwa.  Isack akaiomba karatasi, akaitazama, akachukua baiskeli mpaka Kasulu mjini kumtafuta aliyeipiga.  Alitegemea kukuta mzee mwenye miwani.

"Wewe ndiye unayeniachia nafasi ya kupumua?" akamuuliza binti aliyemkuta.

"Mimi naacha nafasi za chuo," Vestina akajibu bila kuinua macho.  "Kupumua ni shauri lako."

Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata.  Mzee Stanislaus hakufurahi.  Alimwuliza binti yake, "Huyu mkimbizi wakimrudisha kwao, utamfuata na taipureta kichwani?"  Vestina akasema ataifuata hiyo taipureta popote, lakini Isack haendi mahali.  Walifunga ndoa kanisani Kasulu tarehe 2 Agosti 1997, na Isack kweli hakwenda mahali.  Kambi ilipofungwa mwaka 2012 alikuwa tayari analima mahindi na maharage hapa Murungu, miaka ilivyokwenda akapata na uraia, na mtendaji wa kijiji akawa anamwita kwenye kila mkutano atafsiri.  Vestina aliomba uhamisho, akarudi ofisi ya Kibondo mwaka 2014 ili awe karibu na mumewe na mama yake.  Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa tufike mwaka 2022, mwaka ambao ofisi haitaki usemwe.

Kabla ya mwaka huo alikuja ofisini ofisa mgeni, kijana aliyesoma, mwenye mambo ya kompyuta.  Akamkuta mama wa miaka hamsini na kitu anapiga barua kwa nafasi mbili.  Akamwambia, "Mama, hayo ni mambo ya taipureta.  Dunia nzima sasa inaacha moja."

Vestina akamjibu, "Dunia nzima haisomewi tangazo mkutanoni Jumatano.  Murungu ndiyo inasomewa."

Oktoba 2022 likaja tangazo la kuandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku.  Vestina alilipiga kwa nafasi mbili, likatoka kurasa mbili.  Ofisa akasema karatasi zinapotea bure.  Akakaa mwenyewe kwenye kompyuta, akaamuru mashine izibane nafasi zote mbilimbili ziwe moja, akapunguza na herufi, likaingia ukurasa mmoja.  Vestina alimwambia mbele ya watu wawili kwamba hilo halitasomeka mkutanoni.  Akaambiwa akanywe chai.

Tangazo likatolewa kopi, kopi ikatolewa kopi, na Jumatano tarehe 12 Oktoba 2022 mtendaji akalisoma hapa uwanjani.  Nukta zilikuwa zimekwisha.  Mtendaji hakuwa na kosa, alisoma alichokiona, na alichokiona kilikuwa mto mmoja wa maneno usio na kivuko.  Isack alikimbizana naye, akabaki nyuma, akapitwa na sentensi moja nzima.  Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Wazee, wagonjwa na wajawazito wasije kituoni, wataandikishwa nyumbani kwao."

Basi Jumatatu tarehe 17 wazee wa Murungu wakaenda kituoni, maana hakuna aliyewaambia wasiende.  Bibi Esteri, miaka themanini na nne, alibebwa kwenye baiskeli.  Alikaa juani tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa, akasimama mara moja kutafuta kivuli, akaanguka, akavunjika nyonga.  Tangu siku hiyo hajatembea bila kushikwa.  Hivyo ndivyo mama mzazi wa mpiga chapa alivyolipia karatasi moja iliyookolewa.

Malalamiko yakafika juu, na juu wakataka jina la mtu.  Ofisi ikampa Vestina siku saba ajieleze, akajieleza, na tarehe 3 Novemba 2022 akapewa barua ya onyo "kwa uzembe wa kuruka sentensi muhimu katika tangazo la umma".  Ndugu zangu waombolezaji, sentensi hiyo haikurukwa.  Imo katika tangazo lililotoka, mstari wa kumi na moja, juu yake muhuri wa ofisi yenyewe.  Hakuna mtu hata mmoja kati ya waliosaini barua ile aliyefungua karatasi akahesabu mistari kumi na moja.  Shule ya msingi wanahesabu zaidi ya hapo.

Isack alikwenda ofisini kwa miguu yake.  Akawaambia, "Aliyeiruka ni mimi.  Mke wangu aliiandika, mimi ndiye iliyenipita, na imenipita kwa sababu mliziba pumzi."  Wakamwambia yeye si mtumishi wao, hana cha kuandikiwa.  Mwanaume amekuja kujishitaki mwenyewe, na wamekataa kumpokea, kwa kuwa hana namba ya ajira.  Leo ameomba aitafsiri sentensi hii kwa mdomo wake, na mnamsikia.

Vestina aliondolewa kwenye kompyuta, akapelekwa masjala kupanga majalada, mtu aliyekuwa amepiga chapa miaka thelathini na mitano.  Alikuwa akisema wamemnyang'anya vidole.  Aliandika mara tatu kuomba barua ile ifutwe, Januari 2023, Agosti 2023 na Machi 2024.  Aliziandika kwa kompyuta ya Nurudini, nafasi mbili kila nukta.  Mara zote jibu lilikuwa neno moja la mkono pembeni ya karatasi: "Imepokelewa."  Nyumbani hakulia sana.  Alimwogesha mama yake, akambeba hadi barazani, na kila alipomwinua alisema, "Mama, sikuiruka."  Bibi Esteri alimjibu kila mara, "Najua, wewe humwagi."

Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na presha.  Ijumaa tarehe 9 Mei 2025 alipata kiharusi akiwa masjala, upande wote wa kulia ukalegea na maneno yakakata.  Alilazwa wiki sita.  Muuguzi Aline, ambaye familia inamshukuru kwa moyo wake, aliona kwamba mgonjwa akisemeshwa, mwisho wa kila sentensi kidole gumba cha mkono wa kushoto kinagonga shuka mara mbili.  Alidhani ni maumivu, akamwita Isack.  Isack akamweleza ni nini.  Kuanzia hapo Aline alisema naye sentensi moja, akasubiri kidole kigonge, ndipo akaendelea.  Mtoto wa watu amemfahamu dada yetu zaidi kwa siku arobaini kuliko wengine kwa miaka.  Vestina alifariki Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini na tisa.  Alibakiza miezi tisa astaafu, na barua ile ya onyo imo kwenye jalada lake hadi leo hii tunapomzika, Jumanne tarehe 24.

Marehemu ameacha mama, Bibi Esteri, mume, Mzee Isack Nkunzimana, watoto watatu, Loyce ambaye ni mwalimu, Benedicto fundi umeme wa Kasulu, na Mpawenimana aliye kidato cha tano, wajukuu wawili, na ndugu zake watano tuliobaki, mmoja wao akiwa huyu anayesoma na kuwachosha.

Wageni wetu kutoka ofisini wamekaa chini ya turubai, upande wa kulia.  Wamekuja na shada zuri na barua ya rambirambi inayosema marehemu alikuwa mtumishi makini asiye na doa.  Familia imepokea shada.  Barua tumeirudisha kwa adabu, kwa sababu ofisi haiwezi kuwa na barua mbili juu ya mtu mmoja, moja ya doa na nyingine ya kutokuwa na doa.  Wachague.  Ndani ya bahasha aliyoishika Bibi Esteri yamo matangazo yote mawili, lile alilolipiga Vestina na lile lililobanwa, na kila mwenye macho anakaribishwa kuhesabu mistari.  Hatuombi kingine.  Tunaomba barua moja ya kufuta ile, iletwe hapa Murungu, isomwe hapa kaburini mbele ya mama yake, naye Isack atatafsiri.  Ipigwe kwa nafasi mbili, asije akapitwa na neno.

Yapo maneno ambayo karatasi kama hii humalizika nayo, ya kumtakia marehemu pumziko.  Mkitazama chini ya ukurasa hamtayaona.  Nurudini ametuachia nafasi yake tupu, na tutayaandika kwa mkono siku barua hiyo ikisomwa.