Ingelise Damgaard Anavua Aproni: Mama wa Siagi wa Lemvig

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na nane katika kiwanda chetu cha biskuti hapa Lemvig, Ingelise Damgaard anastaafu.

Aliajiriwa akiwa msichana wa kufunga makopo. Hakudumu hapo, kwa kuwa alikuwa akila mali ya kampuni zaidi kuliko alivyoifunga, na msimamizi akaona ni heri ampeleke kwenye kukanda, ambako unga bado ni mbichi. Huko ndiko alikoota mizizi hadi akawa mkuu wa idara. Ametufundisha karibu sote: siagi iwe baridi, mkono uwe mwepesi, na biskuti itoke motoni kingo zikianza tu kupata rangi. Ikikawia, utamsikia nyuma yako: "Hiyo sasa wape bata."

Ulimi huo ulimponza mara moja. Katika maonyesho ya mji alikuwa mwamuzi, akaonja pete za vanila, yaani biskuti za siagi za mviringo, alizooka Villads Bruun, mwokaji mikate wa karibu na bandari, kisha akazitema kwenye kitambaa mbele ya watu. Tangu siku hiyo Villads hakumsalimu.

Ndipo ikaja Novemba ile tanuri letu kuu liliposhika moto. Hakuna aliyeumia, lakini oda za Krismasi zilikuwa zinasubiri, na fundi alisema matengenezo yatafika hadi Januari. Mkurugenzi wetu, Asger Holm, alitukusanya kwenye chumba cha kahawa, akasema kwa huzuni kwamba huenda wengi wetu wakarudi nyumbani na wasiitwe tena. Ingelise alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa koti la mvua, akapanda baiskeli. Mimi nilimfuata.

Villads alikuwa anafagia duka. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kutema tena?"

"Nimekuja kuomba tanuri lako, mikate yako ikishatoka."

"Yaani wewe unaomba? Kwangu mimi?"

"Tanuri lako sijawahi kulisema vibaya, Villads. Nilisema biskuti. Ulitia majarini."

Akaegemeza ufagio ukutani. "Nilitia. Mke wangu Marie alikuwa mgonjwa mwaka ule. Pesa ya siagi ingetoka wapi?"

Ingelise aliteremsha kofia ya koti lake la mvua.

"Hilo sikulijua," akasema. "Ningelijua, ningezila zote na kuomba nyingine. Nisamehe."

Villads aliingia nyuma, akarudi na ufunguo. "Mikate inatoka asubuhi. Baada ya hapo ni lako. Ukiliacha chafu, utalilamba."

Basi tukaoka kwa Villads hadi Krismasi. Tulibeba trei za unga zilizofunikwa, tukikatiza mji kwenye upepo wa bahari, na harufu ya siagi ikatanda mpaka mlangoni mwa kanisa; mchungaji alilalamika kwamba waumini wanasikiliza mahubiri kwa pua. Villads, aliyesema hatagusa chochote, siku ya tatu alikuwa amekunja mikono ya shati, anakamua unga wa pete za vanila kando ya Ingelise. Alipomwonjesha moja, sote tuliacha kazi tukatazama. Ingelise aliitafuna polepole, akachukua ya pili. Villads aligeuka upande wa tanuri, akajifuta macho kwa aproni.

Oda zilitimia. Hakuna hata mmoja wetu aliyerudishwa nyumbani.

Mwaka uliofuata Asger alitaka picha ya ikulu kwenye kopo la Krismasi. Ingelise alikataa katakata, na kopo likatoka na mlango wa duka la Villads, ufagio ukiwa umeegemea ukutani. Leo limo katika nyumba nyingi hapa, na kama kawaida ya makopo yetu, ukilifungua kwa hamu ya biskuti unakuta sindano na nyuzi.

Ingelise, tulipokuwa tunakaribia kutawanyika, ulikwenda kupiga magoti kwa mtu uliyemkosea ili sisi tubaki kazini. Tunajivunia kuitwa wanafunzi wako. Asante kwa kila kemeo. Nenda kapumzike kwa furaha: usingizi wako uwe mrefu, kahawa yako iwe moto, na kuanzia sasa biskuti zako ziokwe na mwingine, nawe ukae tu uzile.