Bi Mwatum Simai: Miaka Thelathini na Nne Bila Harusi ya Uongo

Tarehe 30 Juni, Bi Mwatum Simai Haji, muuguzi mkuu wa kitengo cha dharura katika hospitali yetu ya maradhi ya akili, anastaafu baada ya miaka thelathini na nne ya utumishi. Katika muda huo amepewa gari mbili, zote mbovu, na barua moja ya pongezi iliyoandikwa kwa jina la mtu mwengine. Hakulalamika. Barua aliipeleka kwa mwenyewe.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu wa kusomwa ukumbini kama mfanyakazi mwenzake, kwa kuwa niliwahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya hospitali. Hilo ni kweli. Kwa adabu, kamati imesahau kutaja kwamba nilikuwa pia mgonjwa wa hospitali hiyo hiyo, na kwamba sikuingia kwa hiari yangu. Nina umri wa miaka themanini na mbili, moyo wangu umechoka, na sioni tena faida ya adabu hiyo. Basi naandika kwa vyeo vyote viwili.

Bi Mwatum alizaliwa Makunduchi, akasomea uuguzi mjini, na alipopangiwa wodi ya akili shangazi zake walikuja kumpa pole kama aliyefiwa. Kitengo cha dharura kilikuwa chumba kimoja nyuma ya jiko la hospitali, bila kibao. Familia zilimzungusha mgonjwa kwa mwalimu wa chuoni akasomewe dua, kisha kituo cha polisi, kisha kwa mjomba anayejuana na mtu wizarani, na zilipofika kwetu zilikuwa zimechoka kuliko mgonjwa mwenyewe. Bi Mwatum akapigania mabango ya kuwaelekeza watu moja kwa moja kwetu. Yalipopatikana yalikuwa mazuri, ya rangi, yakabandikwa kuanzia Mwanakwerekwe hadi Matemwe. Namba ya simu ilikosewa tarakimu moja.

Namba ile ilikuwa ya Msabah, muuza vitunguu wa soko la Mwanakwerekwe. Bodi, chini ya uenyekiti wangu, iliunda kamati ndogo ya kuchunguza kosa. Bi Mwatum alikwenda sokoni, akanunua vitunguu, akakaa na Msabah na kumfundisha la kujibu. Kamati ndogo haijatoa ripoti mpaka leo. Msabah yeye anapokea simu: "Usimfunge kamba, sikiliza. Ondosha visu, kaa naye, mpe maji. Anakula? Analala? Mko mtaa gani? Haya, nampigia Bi Mwatum sasa hivi. Na vitunguu je, hamtaki?"

Sifa yake kubwa ndiyo iliyowakera watu zaidi. Tuna desturi hapa kwetu: mgonjwa asiyetaka hospitali huambiwa anakwenda harusini. Huogeshwa, hufukizwa udi, hupakiwa garini, na akija kuzinduka yuko wodini. Bi Mwatum alizikataa harusi hizo tangu siku ya kwanza. Yeye hubisha hodi, hukaa, hunywa alichokaribishwa, kisha husema wazi: nimekuja kukupeleka hospitali. Unaweza kukataa. Ukikataa nitakupeleka vilevile, kwa sababu daktari ameona uko hatarini na hakimu ametia saini. Lakini una haki ya kuambiwa kwa nini, na haki ya kutaka shauri lako litazamwe upya, na hilo nitalisimamia mwenyewe.

Familia zilikuja kushitaki kwamba muuguzi huyu anaharibu mipango ya watu. Bodi ikamwandikia ajirekebishe. Alitujibu kwa sentensi moja: mtu akishadanganywa kuhusu gari, hatameza dawa ya aliyekuwemo garini.

Kisha ikafika zamu yangu. Baada ya kufiwa na mke wangu niliacha kulala. Nikawa nakaa kwenye baraza ya nyumba yangu, mtaa wa Malindi hapa mjini, nikiwahukumu wapita njia. Mwenye baiskeli, faini. Mtalii wa kaptura, miezi sita. Majirani walicheka, na mmoja wawili walilipa. Hawakucheka tena nilipokataa sindano ya kisukari nikidai daktari ananitilia sumu, na kidonda cha mguu kikaanza kunuka. Daktari alikuja, akanitazama, akamwambia binti yangu Salhiya kwamba nisipotibiwa Ijumaa haitanikuta. Salhiya akapiga namba ya bangoni. Akampata Msabah, na Msabah akampata Bi Mwatum.

Watoto wangu walijua kwamba hakimu mstaafu kama mimi hatoki kwa ajili ya harusi tu, wakaniandalia kikubwa zaidi: nimealikwa kuwa mgeni rasmi. Nikavaa joho. Nje ilisimama gari na wanaume wanne wenye mikono minene. Bi Mwatum aliwatuma kwanza wakale urojo, akaja barazani peke yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Hotuba yangu iko tayari."

"Hakuna hotuba, wala sherehe. Nimekuja kukupeleka hospitali."

Nyuma ya mlango Salhiya alijipiga kofi la kipaji cha uso. Nilisikia bangili zake. Nikadai kuiona amri. Bi Mwatum akanipa, pamoja na miwani yangu. Amri kama ile nilizitia saini miaka mingi, lakini sikuwahi kuisoma hata moja nikiwa mimi ndiye mtajwa. Ni fupi mno. Nikatangaza kwamba napinga.

"Pinga, mzee," akasema, "lakini vaa viatu."

Tulikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Wale wanaume walimaliza urojo, wakaagiza tena. Hatimaye nikavaa viatu. Sikukubali, nilikwenda huku napinga, kwa miguu yangu, bila ya kushikwa, naye akinibebea joho. Kesho yake, kama alivyoahidi, madaktari wawili wasionijua walikaa kunisikiliza. Nilizungumza vizuri sana. Nikashindwa. Sindano niliikubali kwa sababu aliyeishika ndiye mtu pekee ambaye hakunidanganya siku ile. Simlaumu Salhiya, aliogopa. Lakini mguu ulioniingiza ukumbini leo bado ni wangu kwa sababu ya mkweli yule.

Leo kitengo kina vyumba vinne na kibao. Mabango mapya yamechapishwa, namba ni sahihi, na wapigaji wengi bado wanamtaka Msabah.

Ilipokuja barua kwamba nimealikwa kuwa mgeni rasmi wa sherehe hii, nivae joho nikipenda, na gari itanifuata mlangoni, nilifanya ambalo angelifanya mtu yeyote mwenye akili timamu. Nilimpigia Bi Mwatum kuuliza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hii ya kweli, mzee wangu. Keki nshaiona."

Nikamuuliza na la pili, maana watoto wangu wananiambia moyo utapona.

"Hautapona," akasema. "Lakini keki utaionja. Kipande kidogo."

Kwa wanaobaki kitengoni nina ombi moja. Daktari anasema maradhi yale ya akili yanaweza kurudi kabla moyo haujamaliza kazi yake. Yakirudi, msinialike popote. Njooni barazani, mseme. Nitapinga. Viatu viko nyuma ya mlango.

Bi Mwatum, ahsante kwa kutuharibia mipango. Sote tunakuombea afya njema, usingizi usiokatizwa na simu ya Msabah, na uzee wenye harusi nyingi, zote za kweli.

Mahfoudh Wakil
Hakimu mstaafu, mwenyekiti wa zamani wa bodi na mgonjwa wa zamani