Fundi Pazia na Gari Ambalo Halikuja

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye jikoni apunguze kelele za sufuria kidogo. Leo tunamkumbuka mama mmoja ambaye huenda umelala miaka mingi nyuma ya kazi ya mikono yake bila kumjua. Alishona mapazia. Mtaani walimwita Fundi Pazia, na jina hilo likamganda. Alifariki wiki iliyopita, hospitalini, baada ya kusumbuliwa na figo kwa muda mrefu.

Alikuwa na maneno huyo! Ukimpelekea kitambaa kibaya, alikitandaza mezani, akakitazama, akakuuliza, "Hiki unataka kizuie jua au kifukuze wapangaji?" Unacheka, unarudi dukani kubadilisha. Mume wake alifariki mapema. Akamlea binti yao kwa cherehani mpaka akaenda chuo cha uuguzi. Nyumbani akabaki na mama yake mzazi, ambaye miguu ilikuwa imekataa kabisa. Nasema tena, maana hapa ndipo penye kisa: mama mzazi alikuwa hawezi kutembea.

Kulikuwa pia na mdogo wake wa kiume. Mmoja tu. Alimbeba mgongoni akiwa mtoto, akamshonea sare za shule, na alipooa akamshonea mapazia ya nyumba nzima na foronya za mito ya makochi. Mdogo huyo alikuwa na pikapu ya kusambazia soda madukani.

Kisha kikaja kimbunga. Mnakikumbuka, kile kilichong'oa paa la soko. Tangazo lilitoka asubuhi, tena hapa hapa redioni: wanaokaa bondeni wahame kabla ya alasiri. Nyumba ya Fundi Pazia ilikuwa bondeni. Akampigia mdogo wake simu.

"Dada, wewe funga mizigo tu," akajibiwa. "Nakuja kuwachukua."

Alisema anakuja. Basi dada akajiandaa. Akabandika selotepu kwenye vioo vya madirisha. Akapanga viroba vya mchanga mlangoni. Akazima umeme, akajaza ndoo maji safi, akafunga dawa za mama yake kwenye mfuko wa plastiki. Vitambaa vya wateja akavipandisha juu ya kabati. Cherehani akaliacha juu ya meza yake, ile meza kubwa ya kukatia. Mwisho akamvalisha mama yake sweta na kilemba, akamkalisha karibu na mlango, mkoba mapajani.

Jirani yao mwashi akapita na mkokoteni, anahamisha familia yake kwenda shuleni, kule mlimani. Mwashi huyo ametuambia hivi: "Nilimwambia, shemeji, tumpakie bibi humu, tusukume pamoja. Akacheka. Akasema, 'Mama yangu si saruji. Mdogo wangu anakuja na gari.' Nikaondoka. Ningefanyaje? Ndugu yake kasema anakuja."

Wakasubiri. Simu ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena, ikaita tu. Baadaye ikawa haipatikani. Upepo ukaanza kuvuta mabati. Bati la jirani likapaa juu ya uzio kama gazeti.

Mama akauliza, "Mwanangu yuko wapi?"

Fundi Pazia akamwangalia, akasema, "Gari limemharibikia njiani, mama."

Hakuwa na habari yoyote ya gari kuharibika. Alilitunga neno hilo palepale, ili mama asiogope, na ili asimfikirie mwanawe vibaya.

Maji hayakujali viroba. Yalipita chini ya mlango, yakapanda kupitia chooni. Fundi Pazia akalisukuma cherehani sakafuni, lile lililomlisha maisha yake yote, likazama. Akampandisha mama yake mezani. Akasimama kando, maji kifuani, akamkumbatia kiuno asianguke. Walikaa hivyo mpaka upepo ulipotulia na mwashi akarudi na wenzake, wakauvunja mlango.

Wakaokoka. Lakini mama alikuwa amelowa na kupigwa baridi, na kifua chake kikaanza kukoroma.

Ikafuata kazi ya kusafisha. Aliyewahi kuingiliwa na mafuriko anaijua. Tope lilijaa hadi kwenye droo. Magodoro yalikuwa mazito kama maiti. Vitambaa vya wateja vilianguka na kabati, vikatoka rangi, vikanuka. Fundi Pazia alikuwa anazoa tope kwa beleshi pale pikapu iliposimama nje. Mdogo wake akashuka na ufagio mpya.

"Pole dada. Hali ilikuwa mbaya kila mahali."

Dada aliegemea beleshi. Alikuwa anatazama nyuma ya pikapu. Kulikuwa na kamba, na plastiki, na mito miwili ya makochi iliyosahaulika pale. Foronya zake alizishona mwenyewe. Akanyoosha mkono, akaugusa mto mmoja. Mkavu, kama umetoka dukani.

Wakaingia ndani. Mama amelala kwenye kitanda cha kuazima. Kumwona mwanawe, uso ukachangamka. "Pole na gari, mwanangu. Dada yako kaniambia liliharibika."

Mdogo mtu akamtazama dada yake. Kisha akayakwepa macho ya dada. Akasema, "Asante, mama. Ilikuwa injini. Nimeshatengeneza."

Fundi Pazia akalowesha tambara, akaendelea kusugua ukuta.

Mama hakumaliza mwezi. Kifua kilimzidi. Mazikoni, mwana huyo alilia kuliko wote.

Dada hakugombana naye. Hakumfukuza. Binti yake anasema, "Kila mjomba alipokuja nyumbani, mama aliniambia, 'Mtengee mgeni kiti.' Hakumwita mdogo wangu tena. Ni mgeni, mpaka mwisho. Nilimuuliza siku moja, mama, ni kwa sababu alichagua kuhamisha makochi yake? Akasema, 'Makochi ni yake. Angeniambia haji. Neno moja tu. Mkokoteni ulikuwa mlangoni.'"

Mtajiuliza, tumeyapataje haya yote? Huyo mdogo wake ndiye aliyekuja hapa studio. Nikamuuliza kama ana hakika anataka yasemwe hewani. Akasema, "Semeni. Mimi nilinyamaza, mkaona kilichotokea."

Akatueleza kwamba alikwenda hospitalini siku za mwisho, akakaa kando ya kitanda, akasema, "Dada, gari halikuharibika."

Fundi Pazia alikuwa dhaifu, lakini akamjibu vizuri tu. "Mimi nilikuwa najua. Asiyejua alikuwa mama."

Akageukia ukutani. Hawakuongea tena.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole binti wa marehemu, wajukuu, mwashi na majirani wote wa bondeni. Tunampa pole na mdogo wake pia, aliyebaki na maneno hayo. Fundi Pazia apumzike kwa amani.

Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu umemwambia unakuja, na moyoni unajua huendi, redio itakungoja. Chukua simu sasa hivi. Mwambie huji, angali na mchana wa kutembea.