Mzee Egbert Rwezaura na Kipanya Kilichoshindwa Mlima wa Kamuli

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, dereva wetu Mzee Egbert Rwezaura anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Kamati ya sherehe ilimwomba mkunga aliyesafiri naye zaidi kuliko wote, yaani mimi, aandike maneno ya kuchangamsha. Nimejaribu, jamani. Yaliyotoka ndiyo haya.

Aliajiriwa katika kituo chetu cha afya hapa Rubwera akiwa kijana mwenye nywele nyingi. Vijana wa maabara wasibishe, alikuwa nazo. Alianza na pikipiki ya chanjo, kisha akakabidhiwa kipanya, basi dogo jeupe ambalo mmiliki wa kwanza alikuwa ameshalichosha. Tangu hapo kazi yake imekuwa kuwafuata wajawazito Kamuli na Bweranyange na kuwafikisha wodini salama.

Tulicheka sana ndani ya kipanya hicho. Chini ya kila kiti alipanga madumu ya maji ya rejeta, nasi wauguzi tukasafiri magoti yakigusa kidevu. Aliyelalamika aliambiwa akalalamike kwa injini. Kwenye gereji ya fundi Hatibu alikuwa na kikombe chake mwenyewe cha chai, na Hatibu akimwona anaingia huuliza kwanza hali ya mgonjwa, akimaanisha gari, ndipo aseme shikamoo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa gasketi ya silinda hedi. Inaungua, maji yanaingia kwenye oili, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, injini inafumuliwa. Unafunga mpya, unashukuru Mungu, na baada ya muda mfupi ni yaleyale. Kuna moja tuliyouziwa kama halisi, na mwenye duka akaapa kwa mama yake. Loo! Haikufika hata Jumapili.

Halafu zilikuwepo ndizi. Kamuli, gari likija nyumbani kwako kumchukua mgonjwa haliondoki tupu; ni aibu kwa mwenye nyumba. Mzee Egbert alipokea kila mkungu, maana kukataa ni kumdharau mtu mbele ya watoto wake. Wodi nzima tulikula tukashiba.

Miaka miwili iliyopita tulimfuata Vero huko Kamuli, aliyekuwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Ndugu zake walipakia mikungu, shangazi akaleta ya kwake, na jirani naye hakutaka kupitwa. Tukirudi, katikati ya mlima wa Kamuli, kipanya kilichemsha na gasketi ikaenda. Ndizi zote zilishushwa kando ya barabara, lakini injini haikuwaka tena. Vero alimalizia safari kwenye bodaboda, amebanwa kati yangu na dereva. Mtoto alizaliwa amekufa. Hakuna aliyemlaumu Mzee Egbert, kwa kuwa gari lile lingeweza kuzimika hata likiwa tupu. Yeye alijilaumu, na bado anajilaumu.

Tangu siku hiyo hakupokea tena hata ndizi moja. Watu wa Kamuli walichukia. Walisema amekuwa na maringo, kwamba ndizi zao hazimfai tena mtu wa mjini. Mzee mmoja, rafiki yake wa miaka mingi, aliacha kuitikia salamu zake. Mzee Egbert hakueleza sababu ya kukataa ndizi, maana kuieleza kungewatwika ndugu wa Vero kifo cha mtoto. Aliendelea kuwafuata wagonjwa wao. Sisi tuliokuwa tukisafiri naye ilituuma, na mimi ninayeandika haya bado inaniuma.

Mwaka huu Vero ana mimba tena. Tunamtarajia katikati ya Julai. Mzee Egbert alitaka kitu kimoja tu kabla ya kustaafu, kutuachia gari linaloweza kuupanda mlima ule. Kipanya kilifumuliwa upya. Silinda hedi ilikuwa imepinda, ikapelekwa Bukoba kusawazishwa, ikarudi, gasketi mpya ikafungwa. Wiki iliyopita alikijaribu pamoja na fundi Hatibu, kikafika nusu ya mlima. Hatibu alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akakirudisha bila utani wowote. Bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, imepasuka. Hakuna cha kufunga wala kufungua tena, na uongozi umesema wazi kwamba gari lingine halipo.

Siku iliyofuata Mzee Egbert alikodi bodaboda kwenda Kamuli. Aliingia kila nyumba yenye mjamzito, hata zile zisizomwitikia, akawaambia wasisubiri gari kwa sababu halitakuja. Alirudi na Vero. Yeye na mkewe, Mama Adelgunda, wamempa chumba walichokiacha watoto wao, na kutoka hapo hadi wodi ya wazazi ni mwendo mfupi wa miguu. Kamati ikimtafuta leo wakati wa hotuba na kumkosa, basi atakuwa amekwenda kumwangalia.

Vero amepata chumba. Wenzake wa Kamuli na Bweranyange hawana, na sisi tunaobaki hatujui tutawaambia nini.

Asante, Mzee Egbert, kwa kila mama uliyemfikisha. Tunakuombea afya, heshima ya majirani na usingizi wa kutosha, isipokuwa mwezi ujao. Mwezi ujao, Mungu akijalia, usilale kabisa kwa kilio cha kichanga nyumbani kwako.

Jovitha, wodi ya wazazi