Wasafishaji wa Chura

Ndani ya tramu ya mji wa Matsuyama, Japani, Chizuru alikuwa amepakata mkebe wenye matundu, na mzee aliyeketi kando yake hakuweza kujizuia kuchungulia.

"Vidudu vya chini ya magogo! Hata mimi nawafuga, binti. Unawapeleka wapi?"

"Nakwenda kuwatupa mtoni. Niliwaweka kwenye sanduku la kioo la chura wangu ili wale uchafu wake. Leo asubuhi nimewakuta wanamla yeye."

"Akiwa hai?"

"Ameshakufa."

"Basi si wao waliomuua. Uliwaleta wasafishe, wamesafisha."

"Mzee, yule hakuwa uchafu! Nimeishi naye miaka sita!"

Mzee aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Kisha akauliza taratibu, "Mara ya mwisho ulimwona anakula lini?"

Chizuru alijaribu kukumbuka. Wiki nzima alikuwa akirudi hoi kutoka kazini, anatupia jicho kioo, anakiona safi, analala.

Tramu ikasimama karibu na mto. Chizuru alikwenda hadi mlangoni, akageuka.

"Na kama hakuna chura, wanakula nini?"

"Majani makavu," mzee alisema. "Na maganda ya mayai."

Dereva akapiga kengele. Chizuru alikuwa bado amesimama mlangoni, mkebe mikononi.